Kitabu Nilichokikata Kola

Mjukuu wangu alitembea na barua ya shule ndani ya soksi siku tatu. Niliikuta siku ya kufua, imeloa jasho, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kifungo cha koti. Nikaifungua taratibu juu ya meza ya kukatia, nikaipiga pasi ya moto mdogo, ndipo nikaisoma.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameandika kwa adabu. Mtoto wetu, alisema, yuko darasa la tatu lakini hajui kusoma. Siku ya mwisho ya mwaka wa shule ataitwa ofisini pamoja na mlezi wake, atapewa kitabu ambacho hajawahi kukiona, asome ukurasa mmoja. Akiweza, ataendelea na wenzake. Asipoweza, mwaka ujao atarudishwa darasa la kwanza.

Darasa la kwanza! Ana miaka tisa, tena mrefu, magoti yake yasingeingia chini ya madawati yale. Watoto wa darasa la kwanza nawajua kwa inchi, maana mimi ndiye ninayewashonea sare. Nikamwona mjukuu wangu amesimama katikati yao kama nguzo ya umeme, na wale wadogo wakimcheka kwa meno yao yaliyong'oka.

Tunamwita Pini. Tangu ajue kutambaa, yeye ndiye anayeniokotea pini sakafuni, na hajawahi kujichoma hata mara moja. Mama yake, binti yangu, ni mpishi wa hospitali. Akitoka zamu ya asubuhi anarudi saa kumi jioni, akiingia zamu ya mchana hatuonani mpaka kesho. Kwa hiyo mtoto amekulia chini ya meza yangu, kati ya mabaki ya vitambaa.

“Pini, njoo. Hii nini?”

Akaangalia sakafu. “Barua.”

“Najua ni barua, sijakuuliza jina lake. Kwa nini hukunipa?”

“Ungelia.”

“Mimi? Umeniona lini nikilia?”

“Ukisali.”

Upande wa pili wa ukuta wa mbao mtu akakohoa ili asicheke. Pale pana kibanda cha fundi viatu, rafiki wa marehemu mume wangu, tunayemwita Gundi. Mbao zimeachana, na masikio yake hayana kazi nyingine.

“Shemeji,” akasema, “hapo umepatikana.”

“Shona viatu vya watu, Gundi.”

Barua ilitupa wiki saba. Nilianza siku ile ile, na nilianza vibaya.

Kila alasiri Pini akirudi shule nilimkalisha mezani na kitabu cha darasani, mimi nikasimama nyuma yake na rula ya mbao, ile ndefu ya kupimia. Nagusa neno, asome. Nagusa jingine, asome. Mstari wa kwanza alikuwa anapita kama mtu anayevuka mtaro kwa ubao mwembamba. Mstari wa pili anaanguka.

“Yanakimbia, bibi.”

“Nini kinakimbia?”

“Maneno. Ya chini yanapanda, ya juu yanashuka.”

“Maneno hayana miguu,” nikamwambia. “Kaza macho.”

Hilo ndilo jibu nililompa, na Mungu alinisikia nikilitoa. Mtoto ananieleza ugonjwa wake kwa maneno yaliyonyooka kabisa, nami namwambia akaze macho.

Wiki ya pili ikatokea ajabu. Pini alikaa, akafungua kitabu, akasoma habari za mvua tangu neno la kwanza hadi la mwisho bila kukwama. Nikainua mikono nikamshukuru Muumba. Nikamwita Gundi aje ashuhudie. Akaja na kiatu kimoja cha mwanamke mkononi, akasimama mlangoni. Pini akarudia, sauti inateleza kama uzi wa nailoni. Gundi akainama juu ya kitabu, akakuna kidevu.

“Shemeji, mtoto anasoma vizuri sana. Ila hapa pana picha ya jogoo. Hiyo mvua inanyesha wapi?”

Nikaangalia. Kitabu kilikuwa kimefunguliwa kurasa mbili mbele. Mtoto alikuwa ameikariri mvua yote kwa kuwasikiliza wenzake darasani, akaja kunisomea kichwani mwake.

Nikapiga rula mezani. Naapa niliipiga meza, sikumpiga mtoto. Lakini Pini alikuwa ameshaweka mikono yote miwili kichwani na kuinamisha shingo, upesi, bila kufikiri, kama mtu anayefunga dirisha akisikia upepo. Mikono ile ilikwenda kwa mazoea. Mahali fulani, mbele ya mtu fulani, ilikuwa imejifunza njia.

Gundi akarudi kwake bila mzaha. Nikaiweka rula chini, nikamwambia Pini aende akacheze.

Nikiwa nimekaa pale, sentensi moja ikanijia ambayo sikuwa nimeiwaza miaka mingi. *Mtoto anayejikinga hawezi kushika kitu, kwa sababu mikono yake ina kazi.* Nilijua vizuri ilikotoka. Ndiyo maana nilitamani nisingeikumbuka.

Binti yangu aliporudi kutoka zamuni nilimsimulia yote. Akavua viatu, akasugua miguu, akafikiri.

“Mama, kile kitabu cha jalada la kijani kiko wapi? Kile ulichonilea nacho.”

Kilikuwa kinaitwa *Mtoto Si Debe*. Mume wangu alikuwa mpiga chapa, na nakala ile waliikataa kazini kwa sababu mfungaji wa vitabu alitanguliza sura ya tatu mbele ya sura ya pili. Akaja nayo nyumbani mimi nikiwa na mimba. Alikuwa ananisomea huku nikitia matundu ya vifungo, kisha nikaanza kujisomea mwenyewe, na kilikuwa kitabu kinene cha kwanza kukimaliza maishani mwangu. Mwandishi alikuwa mwalimu aliyechoka kuona watoto wakimwagiwa masomo kama mahindi kwenye debe, halafu debe likitikiswa siku ya mtihani lisikike lina kitu. Akaondoa madawati. Akawafundisha hesabu kwa kujenga banda la kuku, herufi kwa kuchora kwa kidole kwenye sinia la unga. Alikaa na mtoto mmoja asiyesema neno muhula mzima, mpaka siku moja mtoto akamwuliza kwa nini kivuli hakina macho. Ukurasa ule nilikuwa nikiufikia nalia kila mara.

“Ulisema kilipotea tulipohama,” binti yangu akasema.

“Nilisema hivyo.”

“Na wewe husemi uongo.”

“Ule niliusema. Nimeuombea msamaha miaka ishirini na mbili, lakini kwa Mungu tu. Kwako sikuwahi kufika.”

Nikamwonyesha msumari ukutani, nyuma ya cherehani, ambako hutundikwa pateni, zile karatasi za vipimo ambazo fundi huweka juu ya kitambaa kabla hajakata. Pateni kubwa nazikata kwa magazeti. Lakini gazeti ni laini; kipande kidogo ukikizungushia chaki mara kumi kinachanika. Mwaka aliofariki mume wangu nilipewa kazi ya sare za shule nzima, wiki mbili kabla ya kufungua, na sikuwa na karatasi ngumu. Kitabu kilikuwa mezani. Karatasi yake ilikuwa nzito, inashika ukingo, na kimo chake kilitosha kola ya mtoto na mfuko wa shati. Fungu la kwanza la kurasa nililikata nikiwa nasali. Fungu la kumi nilikuwa nakata tu.

Binti yangu akainuka, akateremsha lile furushi kwenye msumari. Akachomoa kola moja, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

“‘Kila mtoto ana mlango wake, na mwalimu mwenye...’” Akaigeuza. “Mama! Hii ni kola?”

“Ya miaka sita. Kola ya mviringo.”

Nilitegemea hasira, nami nilikuwa tayari kuipokea. Badala yake midomo ikamcheza.

“Kwa hiyo mtaa mzima umevaa *Mtoto Si Debe*.”

“Na hawajui!” sauti ya Gundi ikatoka ukutani. “Mimi mwanangu alivaa sura ya ngapi, shemeji?”

“Wewe mwanao alikuwa mnene, alivaa gazeti.”

Tukacheka, ndipo binti yangu akauliza swali nililokuwa naliogopa. “Na mabaki yake? Wewe hutupi kitu.”

Nikasimama kutoka kwenye kiti changu. Pale nilipokuwa nimekaa pana mto wa kitambaa cheusi, mgumu kidogo. Niliutengeneza mwenyewe mwaka ule ule. Ukiukalia unasikia unaitikia kwa mchakacho.

Gundi alikuwa ameshatoka kwake kuja kuona. Aliuangalia mto, akaniangalia mimi, akashika ukuta.

“Shemeji! Elimu yote hiyo umeikalia?”

Alicheka mpaka akapigwa mgongo.

Kesho yake nikaufumua mto. Vipande vikamwagika mezani, vyembamba, vimepinda, vingine vyeusi kwa mafuta ya mashine. Nikavipiga pasi kimoja kimoja chini ya kitambaa chenye unyevu. Nia yangu ilikuwa moja: kuunga kurasa, nisome tena kile kitabu, nijue nimfanyeje mtoto. Sikuwa na wazo lingine. Kama kuna aliyelipanga lililofuata, si mimi.

Pini alirudi shule akakuta meza imejaa. Akasahau hata kuomba chakula.

“Tunafanya nini, bibi?”

“Tunaunga. Kila kola ina ukurasa wake uliobaki. Tafuta ukingo unaoingiana.”

Jicho la mtoto yule! Dakika kumi tu alikuwa ameshaunga kurasa nne, ukingo kwa ukingo, hata sindano isingepita. Binti yangu, siku hiyo alikuwa nyumbani, akachukua ukurasa wa kwanza asome.

“‘Mwalimu alimpa mtoto udongo, naye mtoto... mvua ikinyesha paa huvuja.’” Akasimama. “Hapana. Hii haiendi.”

“Inaingia!” Pini akasema, uso umewaka. “Angalia, haina hata nafasi.”

Nikaona kosa mara moja, nalo lilikuwa la kwangu. Hakuna fundi anayekata pateni moja moja. Unapanga karatasi sita, unabana kwa pini, mkasi unapita mara moja. Kola sita zilikuwa na mpindo mmoja, na mabaki sita yalikuwa na mpindo ule ule. Kila kimoja kiliingia kwa kila kingine.

“Ukingo ni mmoja, Pini,” nikamwambia. “Zote sita zitakukubalia. Ukingo hautoshi.”

“Sasa tutajuaje?”

“Mkasi ulikata maneno katikati. Nusu iko huku, nusu iko kule.”

Akachukua kola moja akaisogeza karibu na pua. Pale mkasi ulipopita palikuwa na herufi tatu zimebaki peke yake. Binti yangu akafungua mdomo amsomee. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Nikarudi kwenye cherehani, nikajifanya nimeshughulika na bobini ya uzi, huku nikimwangalia kwa pembeni.

“Nya,” akanong'ona. “Nya... nya nini?”

Akaleta baki la kwanza. “Nya... tafuta. Nyatafuta. Hakuna.” Akalitupa pembeni. La pili. “Nya... wili. Hakuna kitu hicho.” La tatu alilishika muda mrefu, kidole juu ya herufi, midomo inatembea. Nje watoto wenzake walikuwa wanacheza mpira na kumwita. Hakugeuka.

“Ma... za. Nya-maza. Nyamaza!” Akaruka. “Bibi, ni nyamaza! ‘Ukitaka kumsikia mtoto, kwanza nyamaza.’”

Alikuwa amesoma sentensi nzima, iliyoanza kwenye kola ikaishia kwenye baki, na hakuwa na habari kwamba amesoma. Yeye alifikiri ameunga.

Mara hii sikuinua mikono. Nilikwisha kushukuru mapema mara moja, nikapewa jogoo badala ya mvua. Lakini miguu yangu ilikanyaga kanyagio mpaka cherehani ikapiga kelele kama ya harusi, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Tangu hapo alasiri zetu zikawa hivyo. Mimi nashona, Pini anaunga. Sikumwuliza neno, sikumsahihisha. Akikosea, ukurasa wenyewe ulimkatalia. Nami nikaendelea kumwangalia, maana kazi ya fundi ni kuangalia mwili wa mtu kabla hajagusa kitambaa. Nikagundua jambo. Kwenye vipande vyembamba, vyenye mstari mmoja au nusu mstari, alisoma. Ukurasa ukishaungwa ukawa mzima, anakwama tena. Na akikwama, bila kujua, analaza kiganja juu ya maneno ya chini.

“Pini, kwenye kipande kidogo hayakimbii?”

Akafikiri. “Kwenye kipande yamebanwa. Kama kitambaa chini ya mguu wa mashine.”

Miaka mitatu shuleni, na hakuna aliyemwuliza. Hata mimi. Nikachukua kadi ngumu ya kutia ndani ya kola, nikaitoboa kwa wembe kidirisha kirefu chembamba, upana wa mstari mmoja. Nikaiweka juu ya kitabu chake cha darasani, kwenye ukurasa wa jogoo.

Akasogeza kidirisha chini, mstari baada ya mstari. Polepole, kama mzee anayeshuka ngazi. Lakini alishuka mpaka chini.

“Huyu jogoo mjinga,” akasema alipomaliza. “Anafikiri asipowika jua halitoki.”

Gundi akagonga ukuta mara tatu kwa nyundo. Hiyo ilikuwa salamu ya heshima.

Kitabu nacho kikarudi, ukurasa kwa ukurasa, kimebandikwa kwa gundi ya viatu na kunuka kibanda cha jirani. Nilikisoma tena kama mtu anayekutana na rafiki aliyempenda akiwa kijana. Mengine yalinifurahisha kuliko zamani. Mengine nilibishana nayo. Mwandishi anasema mtoto asiambiwe “usiguse” hata siku moja. Mungu amsamehe, huyo hakuwahi kuwa na mtoto aliyefungua mkasi juu ya kitambaa cha bwana harusi.

Lakini pana mahali paliponikamata. Sentensi niliyoibeba miaka yote, niliyowaambia majirani na hata padri wetu, ni hii: *Mtoto hafunzwi, hujifunza.* Kwa sentensi hiyo nilimlea binti yangu. Jumamosi moja akawa anatusomea ukurasa ambao Pini ametoka kuuunga.

“‘Mtoto hafunzwi, hujifunza,’” akasoma, akatabasamu kwa kuitambua. Kisha macho yakavuka mkato, yakaingia kwenye baki. “‘... akiwa karibu na mtu asiye na haraka.’”

Ile nusu ya pili nilikuwa nimeikalia.

“Mimi uliniacha karibu na nani, mama?” akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

“Karibu na cherehani,” nikasema. “Nayo ilikuwa na haraka.”

Akatikisa kichwa, akanisogezea kikombe changu cha chai. Wakati wa kulala, magoti yangu yalipogusa sakafu, dhambi ya ule uongo ilikuwa imeshapungua uzito. Aliyenidai, binti yangu, alikuwa ameshasikia.

Siku ikafika. Nilimvalisha Pini sare mpya, kola iliyonyooka, nami nikavaa gauni langu la ibada. Ofisi ya Mwalimu Mkuu ina kabati la vikombe vya michezo, ratiba iliyopauka, na viti viwili vya wageni, kimoja kina mguu mfupi. Nikachukua hicho cha mguu mfupi. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa amesimama dirishani, mwanamke mwenye uchovu wa watu wengi ndani ya mtu mmoja.

“Mama,” akaniambia kabla hatujaanza, “nataka ujue simchukii. Nina watoto sabini na wawili.”

“Najua, mwalimu. Nimewapima wote kiuno.”

Mwalimu Mkuu, mtu wa makamo mwenye miwani minene, akatoa kitabu kipya kwenye droo ya chini, akakifungua katikati ya hadithi ya mbuzi aliyepotea. Pini akakipokea. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kidirisha chake.

“Hicho nini?” mwalimu wa darasa akauliza.

“Kinamsaidia kuona mstari,” nikasema.

“Siku ya mtihani wa taifa hakuna atakayemruhusu. Tukimzoesha leo, tunamdanganya.”

“Asome kama wenzake, mama,” Mwalimu Mkuu akasema, akanyoosha mkono kwa upole, akaichukua ile kadi. “Sheria ndiyo hiyo.”

Nikajiambia, mjane wewe, funga mdomo. Haukufungika.

“Mwalimu Mkuu, samahani. Miwani hiyo, wenzako hapa wamevaa?”

Mkono wake ukaenda kwenye miwani. Mwalimu wa darasa akageukia dirisha. Mabega yake yalitikisika kidogo. Kabla mkubwa hajapata jibu, Pini akanigusa goti.

“Bibi, acha.”

Akakiweka kitabu mezani. Akalaza kiganja cha kushoto kwenye mistari ya juu ya ukurasa, kiganja cha kulia kwenye ya chini, akavisogeza mpaka katikati ukabaki mstari mmoja tu. Mikono ile ile. Akaanza.

“‘Mbuzi... wa... mzee... haku-wa-po.’”

Mstari wa pili. Wa tatu. Viganja vinashuka pamoja. Kwenye mstari wa tano akakutana na neno refu, akasimama. Nikasikia saa ya ukutani. Mwalimu wa darasa akavuta pumzi amtajie.

“Mwache,” nikasema chini chini. “Anakuja.”

“Wa-li-... wali-m... walimta-... walimtafutia!” Akapumua. “‘Walimtafutia bondeni, hawakumwona.’”

Na baada ya hapo akaachiliwa. Sijui niseme vipi. Sauti bado ilikuwa ya polepole, lakini haikuwa tena ya mtu anayevuka mtaro. Ilikuwa ya mtu anayekwenda mahali. Akafika mstari wa mwisho.

“Inatosha,” Mwalimu Mkuu akasema.

Pini akafunua ukurasa wa pili.

“Mtoto, inatosha. Ulitakiwa ukurasa mmoja.”

“Mbuzi bado hajapatikana, mwalimu.”

Akaendelea. Mwalimu Mkuu akatazamana na mwenzake, akavua miwani, akaegemea kiti. Kengele ya mapumziko ikalia, mamia ya miguu yakapita koridoni, kelele zikajaa madirishani, na Pini akapandisha sauti juu yake bila kuinua macho. Ukurasa wa pili ukaisha. Wa tatu. Mbuzi alikutwa shuleni, ndani ya ofisi ya mwalimu, amekalia kiti na kutafuna daftari la mahudhurio.

Pini akaangua kicheko. Alicheka kwa kitu alichokitoa mwenyewe kwenye karatasi, kabla yetu sote, nasi tulikuwa tunangoja atuambie. “‘Na jina la mwalimu,’” akasoma huku akishika mbavu, “‘likawa la kwanza kuliwa!’” Mwalimu Mkuu akacheka. Alikuwa ndani ya ofisi, amekalia kiti, na daftari la mahudhurio liko mbele yake.

Mwalimu wa darasa akaichukua kadi yangu mezani, akaiinua akachungulia kidirisha chake kwa jicho moja.

“Ninao wengine watano wanaosema maneno yanakimbia,” akasema. “Nilikuwa nawaambia wakaze macho.”

“Hata mimi, mwalimu,” nikamjibu. “Hata mimi. Nipe hadi mkifungua shule, nitakukatia sita, pamoja na ya akiba, kwa mkasi mmoja.”

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshavaa miwani na kushika kalamu. Akaandika chini ya nakala ya ile barua, akagonga muhuri, akanisogezea niweke sahihi. Nikaanza kutafuta miwani yangu mkobani. Sikuipata upesi. Pini alikuwa ameshaweka viganja viwili juu ya karatasi.

“‘A-en-de-lee... da-ra-sa la... nne.’” Akageuka. “Bibi! Ameandika niendelee!”

Mimi ni mtu wa sala za kimya. Lakini pale, katikati ya ofisi, mbele ya vikombe vya michezo, nilisimama nikapiga vigelegele mpaka kile kiti kibovu kikaanguka nyuma yangu. Koridoni watoto wakasimama. Kigelegele kimoja kikajibu, kikafuata kingine, na dakika ile ile uwanja wote ukawa unashangilia, watoto mamia na kola zao, hawajui hata wanamshangilia nani, na Pini amesimama dirishani anawapungia mkono.